Duka la modeli Masumbwe liko chini ya meza ya fundi

Ukifika Masumbwe ukauliza lilipo duka la vifaa vya kutengenezea modeli, utaelekezwa kwa muuza madaftari. Utatoka hapo na karatasi za manila, gundi ya maji na mkasi usiokata. Mwalimu aliyetaka kuwaonyesha wanafunzi namna duara la mgodi, yaani shimo la kushukia, linavyoshikiliwa na matimba, magogo ya kuzuia kuta, anaishia kubandika mchoro ukutani. Kijana aliyetaka kuunda semi yenye taa zinazowaka anaambiwa amsubiri mtu wa kwenda Mwanza. Naona wote wawili wameelekezwa vibaya. Vitu wanavyovitafuta vipo hapahapa mjini, vingine havina hata bei, ila havijakusanywa mahali pamoja. Viko chini ya meza ya seremala, kwenye droo ya fundi simu, nyuma ya banda la fundi alumini na kwenye tanuri la matofali.

Masumbwe ni mji wa barabarani. Wilaya ya Mbogwe ilipomegwa kutoka Bukombe mwaka 2012, na eneo hili likatoka Shinyanga kuingia mkoa mpya wa Geita, mji ulikuwa tayari unaishi kwa lori, kilimo na dhahabu. Barabara inayotoka Isaka na Kahama kuelekea Ushirombo, Lusahunga na mpaka wa Rusumo inapita katikati yake, na mizigo ya Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo inapita nayo. Lori likiharibika linahitaji fundi. Mchimbaji akipata kitu anajenga nyumba, naye anahitaji fundi. Ndiyo maana gereji, mabanda ya kuchomelea, karakana za useremala na meza za mafundi simu ni nyingi kuliko unavyotarajia kwa mji wa ukubwa huu. Palipo na mafundi wengi pana mabaki mengi, na mabaki hayo ndiyo mali ghafi ya mtu anayeunda vitu vidogo.

Kabla hujaenda kwa fundi yeyote, amua skeli. Kila aliyesoma jiografia anaikumbuka kwenye ramani, lakini wengi wanaounda modeli huisahau, na ndiyo sababu unaona basi limepakwa rangi ya kupendeza halafu mlango wake hauwezi kupitisha abiria. Tuchukue semi, maana ndilo gari ambalo kila mtoto wa barabara hii anataka kuliunda. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.19, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.59. Ukichagua skeli ya 1 kwa 20, gawa kila kipimo kwa 20. Kontena lako litakuwa na urefu wa sentimita 61, upana wa sentimita 12 na kimo cha sentimita 13 hivi. Andika vipimo hivyo kwenye daftari na uende nalo. Bila daftari utabeba mzigo wa takataka hadi nyumbani na mama atautupa wote, kwa haki kabisa.

Sasa tairi. Tairi la lori kubwa, lile lililoandikwa 315/80, lina upana wa sentimita 31 hivi, na likisimama linazidi mita moja kidogo. Kwa skeli yetu unahitaji kipande chenye unene wa sentimita 1.5 na kipenyo cha sentimita 5 na ushee. Pima ndala iliyochoka: unene wake unakaribia kabisa sentimita 1.5. Watoto wa Kanda ya Ziwa wamekuwa wakikata tairi za magari yao kwenye ndala miaka nenda rudi bila kushika rula, na jicho lao lilikuwa sahihi. Semi yenye ekseli 3 kwenye kichwa na 3 kwenye trela ina tairi 22: mbili za usukani, nane za difu na kumi na mbili za trela. Ndala moja inatoa tairi 5 ukipanga vizuri, kwa hiyo pea tatu zinatosha na akiba inabaki.

Tatizo la ndala ni ukataji. Wembe unapinda njiani, na tairi linatoka na umbo la yai. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, mwombe kipande cha bomba la chuma la inchi 2, urefu wa kiganja. Tundu la bomba hilo lina sentimita 5 na ushee, kipimo unachokitaka hasa. Fundi atalinoa mdomo kwa nje na grainda, kazi ya dakika chache. Weka ndala juu ya gogo, simamisha bomba juu yake, piga nyundo mara moja kwa nguvu. Tairi linadondoka limekatika safi, na yote 22 yanalingana. Kwa ekseli tumia spoki ya baiskeli, ambayo unene wake ni milimita 2. Mafundi baiskeli wanazo zilizopinda ambazo hawazirudishi kwenye gurudumu, na ukizikata vipande vifupi kupinda kwake hakuonekani.

Kwa seremala kuna adabu yake. Usiende asubuhi wakati mteja wa kitanda amesimama mlangoni. Nenda jioni, mashine imezimwa na kijana wa karakana anafagia. Msalimie mwenye karakana kwanza.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba kijana, karibu."

"Naomba vile vipisi vya chini, vyembamba. Natengeneza trela."

"Trela?" Atakutazama. "Chukua. Lakini vya mninga hutaviweza na huo wembe."

Yuko sahihi. Mninga ni mbao nzuri ya kitanda na mlango, lakini kwenye kazi ndogo ni ngumu na inapasuka ukipigilia msumari mdogo. Tafuta vipisi vya paini, vyepesi na vyeupe, vinavyokatika kwa kisu bila ugomvi. Ukizoeana na fundi, mwombe siku moja, mashine ikiwa inafanya kazi, akuchanie fito za milimita 5 kwa 5 kutoka kwenye ubao wa paini. Hilo lilipie, usiombe bure. Fito hizo ndizo chasisi ya lori, kenchi ya nyumba na ngazi ya mgodini. Chukua na vumbi la msumeno, mfuko mmoja. Likichekechwa, likachanganywa na rangi ya maji ya kijani kisha likaanikwa, linakuwa nyasi za modeli. Watu wa Ulaya wananunua nyasi hizo kwenye pakiti.

Sehemu ambayo wengi hawaifikirii ni meza ya fundi simu. Huko ndiko kuna zana ndogo kuliko zote mjini: bisibisi zenye ncha ya milimita moja na nusu, kibano cha kushikia kitu kama chembe ya mchele, lenzi ya kukuzia, na kifaa cha kulehemu chenye ncha nyembamba. Fundi simu haziuzi, lakini anajua anakozinunua, na safari yake ya kufuata spea Kahama au Mwanza inaweza kukuletea na wewe. Muulize pia fundi redio kuhusu vifaa vilivyokufa. Deki ya DVD isiyofanya kazi ina mota ndogo mbili au tatu zinazozunguka kwa betri za kawaida, pamoja na vigurudumu vya meno na fimbo za chuma zilizonyooka kuliko kitu chochote utakachokinunua. Tochi ya Kichina iliyokufa ina taa za LED za kutosha semi nzima. Betri za simu zilizovimba ziache hapohapo. Zikitobolewa zinawaka moto.

Spika iliyochanika ina sumaku, na sumaku hiyo ni ya lazima. Utaitumia kupima makopo. Kopo la soda na kopo la mafuta ya kula yanafanana ukiyakata, lakini kopo la soda ni alumini, kuta zake zina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na risasi ya kulehemu haishiki juu yake. Kopo la mafuta ni chuma kilichopakwa bati na linashika vizuri. Sumaku iking'ang'ania, utalehemu. Isiposhika, tumia gundi au kunja pembe kama mafundi wa vibatari wanavyokunja. Watu wa Mwanza wanaijua kazi hiyo: eneo la Makoroboi lilikuwa maarufu kwa mafundi wa bati kabla halijajaa nguo na vyombo vya plastiki, na kazi zao zilionyesha kwamba mkasi, nyundo na mkunjo mzuri vinatosha kufanya bati lisivuje.

Boksi la kawaida la dukani lina kazi ambayo manila haiwezi. Lilowanishe upande mmoja kwa kitambaa chenye maji kidogo, subiri karatasi ya juu ilegee, ibandue taratibu. Ndani yake kuna mawimbi, na kwenye maboksi mengi makubwa mawimbi hayo yanapishana kwa milimita 7 au 8. Bati la migongo midogo kwenye paa la nyumba lina sentimita 7.6 hivi kutoka mgongo hadi mgongo. Kwa hiyo ukijenga nyumba ya skeli ya 1 kwa 10, boksi ndilo bati lako na vipimo vinakubaliana. Lipake rangi ya fedha, likikauka gusagusa kahawia kwenye kingo ambako kutu huanzia, na utaona nyumba yoyote ya Masumbwe iliyopita masika kadhaa.

Nilisema kuhusu duara la mgodi, na kwa kweli hiyo ndiyo modeli ninayotamani kuiona katika kila shule ya sekondari ya Mbogwe. Watoto wengi hapa wana baba, kaka au mjomba anayeshuka chini ya ardhi. Wanajua majina yote, duara, matimba, winchi, karasha, mwalo, lakini wachache wameshaona umbo la kitu kizima, kwa sababu kiko gizani. Modeli inakifungua upande mmoja. Nenda kwa fundi alumini na vioo. Anayo mabaki ya vioo vya milimita 4 yaliyobaki kwenye madirisha, na vipande vya fremu ambavyo havitoshi dirisha lolote. Mwombe kipande cha kimo cha sentimita 60 na upana wa sentimita 40, akisugue kingo ili kisikate mtu. Kwa skeli ya 1 kwa 20, kioo hicho kinaonyesha mita 12 za kwenda chini, kimo cha nyumba ya ghorofa tatu hivi. Pande nyingine tatu ziwe mbao.

Ndani ya boksi hilo jaza udongo kwa tabaka: wa juu mweusi wenye mizizi, kisha mwekundu wa mfinyanzi, kisha kokoto zilizopondwa kuwa mwamba. Acha nafasi ya duara ikigusana na kioo ili mtazamaji aone ndani. Gogo la timba la sentimita 12 kwa skeli hii ni kijiti cha milimita 6, na vijiti vya namna hiyo viko kwenye kila kichaka. Vikate vikiwa bado vibichi, vikaushe kivulini. Ili udongo usiporomoke, changanya gundi ya mbao na maji mara mbili ya kiasi chake, tia tone la sabuni ya maji, dondoshea taratibu kwa bomba la sindano. Sabuni inafanya mchanganyiko upenye badala ya kubaki juu kama matone. Siku ya pili yake udongo unakuwa mgumu. Juu weka winchi ya fito, kapi la kifuniko cha dawa na kamba ya uzi wa katani. Kisha mwalimu aondoe timba moja mbele ya darasa, na waone wenyewe jinsi ukuta unavyosukuma.

Hapa pana onyo ambalo naliweka katikati ya makala kwa makusudi, lisisomwe haraka. Katika ukanda wa dhahabu si kila udongo ni udongo. Usichukue marudio, yale mabaki ya mawe yaliyosagwa, kutoka kwenye mwalo wa kuoshea dhahabu au kwenye matangi ya uchenjuaji kwa sababu tu yanaonekana kama unga mzuri wa mwamba. Marudio yanaweza kuwa na zebaki, na yale ya kwenye matangi yamepitia sayanaidi. Usichukue karai wala kikaango kilichotumika kuchomea dhahabu, hata ukipewa bure: zebaki inabaki kwenye chuma, na ukikipasha moto ili ukikunje mvuke wake utauvuta wewe na wadogo zako. Madumu na makopo ya kemikali za mgodini, na ya dawa za pamba, yaache kabisa. Betri za gari zilizopasuliwa zina risasi yenye sumu. Mtu wa modeli anashika vitu kwa vidole saa nyingi, anakata, anapiga msasa, anapumua vumbi lake. Udongo wa kichuguu na mchanga wa korongoni uliochotwa mbali na mialo unatosha kazi yote.

Udongo wa kichuguu unastahili maneno zaidi. Watoto wa wafugaji wa Kisukuma wanafinyanga ng'ombe wenye nundu na pembe, na wengine wana mkono ambao chuo cha sanaa kingeuonea wivu. Shida ni kwamba ng'ombe hao hawafiki mwezi: wanakauka, wanapasuka, mvua inawamaliza. Udongo mtupu ukikauka husinyaa, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, na sehemu nyembamba kama mguu inasinyaa kabla ya tumbo. Changanya mchanga uliochekechwa, sehemu moja kwa nne. Kausha kivulini siku nyingi hadi kitu hicho kisiwe na ubaridi ukikigusisha shavuni. Kisha kipeleke kwa mchoma matofali. Eneo letu ni la mpunga, na matanuri mengi yanachomwa kwa pumba. Fundi anapopanga matofali mwombe akuachie pengo katikati, si pembeni ambako moto haufiki. Kitu kikiwa kimekauka sawasawa kinatoka chekundu, kigumu, na mvua haikiwezi tena. Kikiwa na unyevu, mvuke unakipasua na utakuta vipande. Moto wa tanuri zima unakuwa umeupata kwa salamu na maji ya kunywa uliyompelekea fundi.

Mafundi wa jipsam ndio wageni katika mji, wamekuja na mtindo wa dari nyeupe. Poda yao ikichanganywa na maji inashika ndani ya nusu saa, na kila kazi inapoisha mfuko unabaki na kiasi kisichotosha chumba kingine lakini kinatosha modeli kumi. Mimina kwenye trei ya mayai uone inavyochukua umbo. Ukitaka mawe ya Mwanza, yale makubwa yaliyopandana, kunja karatasi ya foili iliyofinyangwa, mimina jipsam ndani yake, ibandue ikishakauka. Tia poda kwenye maji, usitie maji kwenye poda, na usimwage mabaki kwenye sinki, yatakuwa jiwe humo humo.

Zana za kukatia ndizo zinazostahili fedha yako. Nasema hivi kwa sababu naona vijana wakitumia hela kununua rangi za gharama huku wakikata kwa wembe ulioshikwa kwa vidole, na damu inatoka. Nunua rula ya chuma ya sentimita 30, maana ya plastiki inaliwa na kisu. Nunua plaizi ya mdomo mrefu. Kwenye maduka ya vifaa tiba, Kahama yapo, ulizia mpini wa kisu cha upasuaji namba 3 na pakiti ya wembe namba 11, ule wenye ncha kali ya pembetatu. Hakuna kisu cha modeli kinachoshinda huo. Hapohapo chukua mabomba ya sindano mapya yasiyo na sindano, la mililita 5 na la mililita 10, na mpira wa dripu. Ukiyaunganisha kwa mpira huo na kujaza maji bila hewa, ukisukuma moja lingine linanyanyuka, na tayari una tipa inayomwaga mchanga. Mabomba yaliyotumika usiyaguse popote utakapoyaona.

Msasa nunua kwa wauza rangi za magari, ule wa maji, namba 400 na 800. Wa seremala unachuna. Mkebe wa hesabu wa shule una bikari na rula ya pembe, na wengi tayari wanao nyumbani.

Kuhusu rangi nitakuwa mfupi. Rangi ya mafuta ya robo lita inatosha mwaka. Kwa vitu vidogo sana, kama taa ya nyuma au namba ya gari, rangi ya kucha ya duka la vipodozi ina brashi yake na inakauka upesi. Rangi ya kupuliza inapatikana kwenye maduka ya spea za pikipiki, ila usiipulize juu ya lile povu jeupe linalokuja na televisheni, litayeyuka mbele yako. Tina na gundi ya viatu vinalifanya vivyo hivyo. Lipake kwanza rangi ya maji, mikono miwili.

Mtu anaweza kuniambia kwamba haya ni mambo ya kujipa moyo, kwamba modeli halisi ni zile za boksi kutoka ng'ambo. Lakini Tamiya ya Shizuoka, Japani, kampuni ambayo jina lake wapenda modeli wa dunia nzima wanalijua, ilianza mwaka 1946 ikiwa kampuni ya mbao. Modeli zake za kwanza zilikuwa za mbao, na ya kwanza ya plastiki ilitoka mwaka 1960. Yaani iliota kwenye karakana, chini ya msumeno. Lamu vilevile, waundaji wa vijahazi vidogo wamekaa miaka yote jirani na waundaji wa majahazi makubwa, wakitumia mbao na kitambaa cha tanga kilekile. Makumbusho ya Lamu ina modeli za vyombo vya zamani vya pwani, ukiwemo mtepe, ule ulioshonwa kwa kamba za nazi, na leo mtu anayetaka kujua mtepe ulikuwaje anaanzia kwenye modeli kwa sababu chombo chenyewe hakipo tena baharini.

Na yupo Bodys Isek Kingelez wa Kongo. Alizaliwa mwaka 1948, akafanya kazi Kinshasa ya kukarabati vitu vya makumbusho ya taifa, kisha akaacha na kuanza kujenga miji mizima juu ya meza. Karatasi, maboksi ya bidhaa, makopo ya soda, vifuniko vya chupa, plastiki: hivyo ndivyo vilikuwa vifaa vyake. Majengo yake yana minara, viwanja vya mpira na barabara, yamekatwa kwa usafi unaokufanya utafute kisu gani alitumia. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris, na mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kifo chake, jumba la sanaa la MoMA huko New York lilimfanyia maonyesho yake peke yake. Vifaa hivyo vyote vinapatikana nyuma ya duka la soda Masumbwe. Alichokuwa nacho zaidi ni subira ya kipimo na kisu kikali.

Vipo vitu ambavyo kweli lazima uagize. Keekee za kutobolea za milimita 0.5 hadi 2 hazipatikani kirahisi hapa. Seti ya tupa ndogo za sonara ni ya kutafutwa, ingawa katika miji ya dhahabu masonara wapo na huenda mmoja akakuuzia zake za zamani. Shiti za plastiki nyeupe za milimita moja na plaiwudi ya milimita 3 utazipata kwa uhakika zaidi Mwanza au Kariakoo. Mabasi ya Dar es Salaam na Bukoba yanapita barabara hii, na kifurushi kikikabidhiwa ofisi ya basi kinafika. Mwambie muuzaji apige picha ya kifaa kikiwa kando ya rula kabla hujatuma hela kwa simu, kwa sababu picha za mtandaoni zinafanya tupa ya mundu ionekane ya sonara.

Mahali pa kuonyesha kazi hapakosekani. Maonesho ya Teknolojia ya Madini yanafanyika Geita mjini kila mwaka tangu 2018, kwa kawaida kati ya Septemba na Oktoba. Duara la kioo kutoka shule ya Mbogwe lingekaa vizuri sana kwenye meza moja ya pale, na wachimbaji wenyewe wangekuwa wa kwanza kulisahihisha.

Kwa muuza madaftari nina ombi moja. Januari na Julai, shule zinapofunguliwa, mteja wa modeli anakuja kwako kabla hajaenda kwa mtu mwingine yeyote. Ukiweka rafu moja tu yenye rula za chuma, visu vya kukatia karatasi na wembe zake, gundi ya mbao kwenye chupa ndogo, vijiti vya mishikaki, fito za paini ulizomwagiza seremala jirani yako akuchanie na seti chache za keekee ndogo, utaziuza zote. Seremala atapata hela kwa vipisi alivyokuwa anachoma. Na bango la mlangoni liandike kwa herufi kubwa, VIFAA VYA MODELI, ili mtoto anayetoka Lulembela au Nyakafuru asirudishwe na jibu la kwamba asubiri mtu wa Mwanza.